Kipa naye huugua: Georges Vézina na kikohozi cha wiki tatu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa michezo ulitoa picha ya golikipa kijana amebebwa mabegani na wenzake. Maelezo chini ya picha yalisema alidaka dakika zote tisini akiwa na homa, na kwamba kikohozi kilikuwa kimemsumbua kwa wiki tatu lakini akakataa kubadilishwa. Mkamwita simba. Picha hiyo nimeikata, iko mezani hapa ninapoandika.

Najua aliyeandika alikuwa na nia njema. Hata mimi ningefurahi kuitwa hivyo nilipokuwa na umri wa kijana yule. Lakini nimekaa golini miaka kumi na moja, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha makipa wa mtaani hapa Walukuba, Jinja. Homa ya siku moja isingenifanya niandike barua. Kilichoninyima usingizi ni hizo wiki tatu.

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji habari za kipa mmoja ambaye wengi wao hawajapata kumsikia. Ijumaa hii, Machi 27, 2026, inatimia miaka 100 kamili tangu afariki. Jina lake Georges Vézina, raia wa Kanada, mlinda lango wa hoki ya barafuni katika miaka ambayo mchezo huo ndiyo kwanza ulikuwa unaanza kulipa mishahara. Alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 39.

Nilimjua kupitia mwalimu. Kuanzia 1975 hadi 1978 nilisoma shule ya ufundi ya wamisionari, na aliyetufundisha useremala alikuwa Bruda kutoka Quebec, Kanada, mzee mrefu mwenye vidole viwili vilivyopinda kwa kupigwa golini ujanani. Alizaliwa kando ya mto Saguenay, mto uleule unaopita Chicoutimi, mji wa Vézina. Kwa hiyo alimsimulia kama mtu anavyomsimulia mjomba wake.

Siku za mvua, uwanja ulipojaa maji, Bruda alituamuru tusogeze meza za karakana ukutani, tufagie vumbi la mbao, tucheze hoki juu ya sakafu ya saruji. Magongo aliyachonga mwenyewe. Kisahani cha kuchezea alikikata kwenye tairi kuukuu la lori kwa msumeno wa chuma, akakisugua kwa tupa siku mbili tatu mpaka kikawa duara safi: upana sentimita saba na nusu hivi, unene sentimita mbili na nusu, vipimo vya kisahani halisi. Mkononi kilionekana kitu kidogo tu. Kikikupata kwenye kifundo cha mguu ulikaa chini ukasahau ulikuwa unafanya nini. Goli alilichora kwa chaki ukutani, sentimita 183 kwa 122. Barafu yenyewe sisi tuliijua kutoka kwenye friji ya wamisionari tu, na tulipomuuliza inawezekanaje mtu akimbie juu ya kitu kama kile, alicheka mpaka akavua miwani.

Mimi alinisimamisha golini kwa sababu nilikuwa mzito wa kukimbia. Kanuni yake ilikuwa moja: "Simama. Usianguke. Vézina hakuanguka."

Nilidhani ni maneno ya kocha mkali. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba ilikuwa sheria. Vézina alipoanza, kipa wa hoki hakuruhusiwa kujitupa chini kuzuia. Akipiga magoti au akilala, aliadhibiwa. Basi alizuia kila kitu akiwa wima, kwa gongo, kwa miguu, kwa kifua, bila kinyago usoni. Sheria hiyo ililegezwa Januari 1918, na sababu mojawapo ilikuwa Clint Benedict, kipa wa Ottawa, aliyekuwa akianguka kila mara na kujifanya ameteleza, hata watu wakamtania kwamba yuko kwenye maombi. Vézina aliendelea kusimama hata baada ya ruhusa kutolewa. Walimwita Tango la Chicoutimi kwa utulivu wake. Bruda alituambia tango ukilichuma juani adhuhuri, ndani unalikuta baridi.

Alizaliwa Januari 21, 1887, mwana wa muoka mikate. Alianza kudaka akiwa na viatu vya kawaida, na akaendelea hivyo mpaka alipokuwa kijana mkubwa, ndipo akavaa vile vyenye kisu cha chuma chini. Mwezi Februari 1910 timu ya kulipwa ya Canadiens kutoka Montreal, iliyokuwa na miezi michache tu tangu ianzishwe, ilifika Chicoutimi kwa mechi ya kirafiki na vijana wa mji. Vijana wa mji wakashinda. Kipa wa wageni, Joseph Cattarinich, alirudi Montreal akiwasihi wakubwa wake wamchukue yule aliyekuwa goli la upande wa pili.

Hapo Bruda alikuwa akinyamaza kidogo, atuache tulitafakari. Kipa anapendekeza mtu wa kumnyang'anya nafasi yake. Nimeishi na makipa maisha yangu yote, na wenye moyo wa Cattarinich nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Vézina kwanza alikataa. Desemba ya mwaka huo akakubali, akaenda Montreal pamoja na ndugu yake Pierre. Pierre hakuchukuliwa. Georges alisimama golini kwa mara ya kwanza Desemba 31, 1910, dhidi ya Ottawa, na tangu usiku huo hakukosa mchezo hata mmoja kwa miaka kumi na tano. Michezo 327 ya ligi mfululizo, na 39 ya mtoano. Timu nyingi za siku hizo hazikuwa na kipa wa akiba anayekaa benchi na glavu mapajani. Ukiumia, mchezo unakusubiri ufungwe bandeji, au mwenzako wa mbele anaingia golini kwa kubahatisha.

Kombe la Stanley, ambalo ni kombe kubwa kuliko yote katika hoki hiyo, alilichukua mara mbili. Mwaka 1916 Canadiens waliwashinda Portland Rosebuds, michezo mitatu kwa miwili. Mwanawe wa pili alizaliwa wakati huo wa ushindi, naye akampa jina Marcel Stanley. Mara ya pili ni 1924, na huko ndiko ningependa makipa wangu wadogo waangalie. Canadiens walicheza michezo sita ya mtoano, miwili na Ottawa, miwili na Vancouver, miwili na Calgary. Walishinda yote sita. Katika michezo hiyo Vézina alifungwa 0, 2, 2, 1, 1, 0. Mabao sita, michezo sita. Kwa mchezo ambao watu wanapiga kisahani cha mpira mgumu kutoka hatua chache, nawe siku hizo hukuwa na kinyago usoni, hesabu hiyo mimi naiandika ubaoni kila mwanzo wa msimu.

Ligi ya hoki ya NHL inayojulikana duniani leo ilianzishwa Montreal Novemba 26, 1917. Wiki chache baadaye, Januari 2, 1918, uwanja wa ndani wa Canadiens uliungua moto. Februari 18 Vézina aliwazuia Toronto mpaka mwisho, 9 kwa 0, akawa kipa wa kwanza wa ligi hiyo kumaliza mchezo bila kufungwa. Msimu ule wa 1923–24 alifungwa wastani wa chini ya mabao mawili kwa mchezo, 1.97, na uliofuata akashusha hadi 1.81, akiwa na miaka 38. Msimu ukiisha alirudi Chicoutimi kwenye kiwanda chake kidogo cha kutengeneza ngozi. Sisi wa Jinja tunaijua harufu hiyo ya ngozi mbichi na dawa, inavyokupokea kabla hujafika getini. Nilipomsikia Bruda akitaja ngozi, nilimwona Vézina kama mtu wa mtaa wangu kabisa.

Sasa nifike kwenye mwaka 1925, kwa sababu huko ndiko Bruda alikosimulia vizuri mno, na mimi nikasikia vibaya.

Novemba 28, 1925, mchezo wa kwanza wa msimu, Canadiens na Pittsburgh. Vézina alikuwa na homa ya karibu nyuzi 39. Hakumwambia mtu. Kipindi cha kwanza akasimama, hakufungwa. Wakati wa mapumziko akatapika damu. Kipindi cha pili akarudi golini, akaanguka. Yeye aliyesimama miaka kumi na tano, ndiyo siku aliyoanguka. Akachukuliwa, akaingia kijana Alphonse Lacroix mahali pake, na Canadiens wakafungwa 1–0. Madaktari wakasema ni kifua kikuu, tena kimekwenda mbali. Mmoja wa wenye timu, jina lake Léo Dandurand, alisimulia kwamba siku chache baadaye Vézina alikuja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaketi kwenye kona yake aliyoizoea, machozi yakamtoka, akaomba kitu kimoja tu: jezi aliyovaa katika fainali yake ya mwisho ya kombe. Akaondoka kwenda Chicoutimi. Machi 27, 1926 akafariki.

Bruda alipofika hapo alikuwa akitushika mabega. Alisema: huyo ndiye mwanamume, hakulalamika. Tulikuwa wavulana wa miaka kumi na minne, kumi na sita. Tulimeza kila neno. Machi 1978 Uganda Cranes walipofika fainali ya Afrika kule Accra, tulijazana kwenye redio yake. Ghana walitufunga 2–0, na mimi usiku ule sikuwaza mabao, nilimwaza Paul Ssali golini, peke yake mbele ya uwanja mzima wa Waghana, nikaapa nitakuwa kipa asiyelalamika.

Niliitimiza ahadi hiyo mwaka 1988.

Nilikuwa na miaka 26, fundi wa mashine kiwandani na kipa wa timu ya kiwanda. Kwenye mashine tulikuwa Wasoga, Waacholi, Wasamia, Wajaluo, na lugha yetu ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo nikitaka kusema jambo la moyoni nalisema kwa lugha hii. Kikohozi kilianza mwezi wa sita. Mwezi wa nane nilikuwa nalowesha shuka kwa jasho usiku, suruali nimeifunga kwa kamba ya katani. Nikamwambia kiongozi mmoja wa timu kwamba kifua kinaniuma. Akanijibu, mbele ya watu, "Kipa hana homa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Tulikuwa na mechi ya kombe Uwanja wa Kakindu. Glavu zangu zilikuwa za pamba, zile nyeupe tulizogawiwa kiwandani kwa kushikia vyuma. Dakika chache kabla ya mapumziko nilikohoa nimeinama kwenye nguzo, nikajifuta mdomo kwa mgongo wa glavu. Kwenye pamba nyeupe kukabaki mstari mwekundu, mwembamba, kama umechorwa kwa kalamu ya mwalimu. Niliutazama. Watu huniuliza kama niliogopa, nami nasema ukweli mbele ya Mungu: nilifurahi. Nilijiambia, sasa mimi ni Vézina. Nikaikunja glavu ndani nje ili refa asione, nikadaka kipindi cha pili chote. Tulishinda 1–0. Walinibeba mabegani, kama kijana wa kwenye picha yenu.

Niliendelea hivyo miezi mitatu mingine.

Nyumbani tuliishi chumba kimoja, mama, mimi, na mdogo wangu wa miaka tisa. Mdogo wangu alilala mkeka mmoja nami kwa sababu alinipenda, na kwa sababu mkeka ulikuwa mmoja. Hakuna aliyefungua dirisha usiku, tuliogopa wezi. Mwaka uliofuata, mimi nikiwa tayari kwenye dawa, mama akaona mtoto hainami tena kuokota kitu. Anachuchumaa, anajishikilia magoti. Kisha pakatokea uvimbe katikati ya mgongo. Daktari alitueleza kwamba ni kifua kikuu kilichokwenda kwenye uti wa mgongo, na akauliza nani ndani ya nyumba amekuwa akikohoa. Mama hakunitazama. Alitazama sakafu.

Mdogo wangu amepona, ana watoto wanne. Anashona viatu mjini Jinja, na mgongo wake umepinda kibiongo mpaka leo. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Alinibadilishia kiatu cha mazoezi soli wiki jana, akakataa pesa.

Matibabu yangu yalikuwa sindano kila siku kwa miezi miwili, mpaka nikawa siwezi kukaa kwenye kiti cha mbao, halafu vidonge mpaka mwaka ukatimia. Nilirudi golini, lakini pumzi haikurudi yote. Nikaacha kudaka mwaka 1991.

Mwaka juzi binti yangu alinifundisha kutafuta mambo kwenye simu. Jina la kwanza nililoandika lilikuwa Vézina. Nimesoma mengi tangu siku hiyo, na nimemwona mtu tofauti kidogo na yule wa Bruda. Kwa mfano, Bruda alituambia Vézina alikuwa na watoto 22, nasi tulistaajabu sana. Si kweli. Habari hiyo ilitoka kwa Dandurand huyohuyo, ikakimbia dunia nzima. Waliokua na kubaki walikuwa wawili.

Nilisoma pia juu ya 1919, jambo ambalo Bruda hakulitaja kabisa. Canadiens walisafiri mpaka Seattle kugombea kombe. Mchezo wa nne ulikwisha 0–0 hata baada ya muda wa nyongeza. Baada ya mchezo wa tano kila timu ilikuwa imeshinda miwili, mmoja sare, na homa kali ya mafua ya dunia nzima ikaingia katika timu. Wachezaji wa Montreal wakalazwa mmoja baada ya mwingine. Fainali ikavunjwa, kombe halikutolewa kwa mtu. Mwenzao Joe Hall akafa hukohuko Seattle, Aprili 5. Vézina alikuwa golini katika michezo ile yote. Aliona kwa macho yake kwamba mchezo mkubwa kuliko yote unaweza kusimamishwa kwa ajili ya ugonjwa, na dunia isianguke. Sisi wa Uganda tuliofungiwa ndani kwa Korona, tukaona viwanja vyetu vinaota nyasi, tunalijua hilo.

Na jambo kubwa zaidi nililojifunza ni la dawa. Kijidudu cha kifua kikuu kilitangazwa na Robert Koch Machi 24, 1882, na ndiyo maana siku ya kifua kikuu duniani huadhimishwa tarehe hiyo, kama tulivyofanya Jumanne. Lakini dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, iligunduliwa 1943. Vézina alikufa 1926. Hata angejitokeza mapema, hata angeketi chini Septemba akasema naumwa, madaktari wa Montreal wasingekuwa na chochote cha kumpa ila kitanda, hewa safi na maziwa. Kukaa kwake kimya kulimnyima miezi, pengine. Kwangu mimi ilikuwa tofauti kabisa. Dawa ilikuwepo, hatua chache kutoka Uwanja wa Kakindu, nami nikapita mlangoni kwa miezi mitano nikiwa na glavu mfukoni.

Leo ni rahisi hata kuliko wakati wangu. Makohozi yanapimwa kwa mashine na jibu linapatikana upesi. Dawa ni vidonge kwa miezi sita: miwili ya kwanza aina nne kwa pamoja, minne ya mwisho aina mbili. Katika hospitali na vituo vya serikali hulipi. Baada ya wiki chache za dawa zinazofanya kazi, hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana. Kipimo cha kuamua uende ni kilekile wanachotuambia wahudumu wa afya wa kijiji kila wanapopita: kikohozi cha wiki mbili au zaidi. Kijana wa picha yenu ana tatu.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa na mtoto wa miaka 14 kwenye mazoezi, kipa mzuri, mwenye mikono mirefu, anayesoma mpira kabla haujapigwa. Akaanza kukohoa. Nikahesabu siku. Siku ya kumi na tano nikamwambia asivae glavu, twende kituoni. Baba yake mdogo alikuja uwanjani amekasirika. "Kocha, hilo ni vumbi tu. Jumamosi kuna watu wanakuja kutazama vijana. Mtoto ajikaze." Nilimwita mdogo wangu kwa simu. Akaja na boda boda kutoka mjini, akashuka, akavua shati mbele ya yule bwana, akamgeuzia mgongo. Hakusema kitu. Bwana yule alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Twendeni basi."

Majibu yalikuwa kifua kikuu, yaani TB. Mtoto alilia, akaniuliza kama amekwisha. Nikamwambia hapana, na nikamweleza mapema kwamba mkojo utakuwa rangi ya chungwa kwa sababu ya kidonge kimoja, asitishike. Asubuhi ya pili alinipigia simu saa kumi na mbili: "Mzee, ni kweli, rangi ya Mirinda!" Nyumbani kwake walipimwa wote. Mtoto mdogo wa miaka mitatu, ambaye hana TB, amewekewa dawa ya kinga. Huyo sasa hataota kibiongo.

Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza, mtafuteni kijana wa picha. Ninyi ndio mnajua timu yake. Mwambieni mlezi wake ampeleke akapimwe makohozi wiki hii, na kama hana kitu tutamshukuru Mungu pamoja. Nauli ya kwenda na kurudi nitaitoa mimi.

La pili, acheni kuwasifu makipa kwa kuugua kimya. Tunao makipa wa kusifiwa kwa kazi. Denis Onyango alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ligi za ndani ya bara mwaka 2016, kipa, kutoka Uganda. Andikeni alivyokuwa anasimama, anavyopanga mabeki, mikono yake inavyotoka. Na Vézina mwenyewe, kule kwao, hawakumpa heshima kwa sababu ya damu ya usiku ule. Wenye Canadiens, yule Cattarinich aliyempisha goli akiwa mmoja wao, walitoa tuzo kwa jina lake kuanzia msimu wa 1926–27, na ilikwenda kwa kipa wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote. Wa kwanza kuichukua ni George Hainsworth, aliyerithi goli la Canadiens msimu huo, na akaichukua mara tatu mfululizo. Hata leo tuzo hiyo hutolewa kila mwaka. Ilianzishwa kuhesabu ulichozuia.

Bruda alikwisha kufariki miaka mingi, kule kwao kwenye theluji. Ningempata leo, ningemshika yeye mabega safari hii, nimwombe aisimulie tena ile hadithi toka mwanzo, na akifika Novemba 28, wakati wa mapumziko, mtu mmoja chumbani amwambie Georges avue jezi akae chini.

Kile kisahani cha tairi ninacho bado. Bruda alinipa siku ya kumaliza shule. Nimempa yule mtoto wa miaka 14 akishike nyumbani mpaka amalize miezi sita, kwa sababu kurukaruka bado hawezi, lakini anaweza kukirusha ukutani na kukidaka kwa mkono mmoja akiwa ameketi. Anasema jana alifikisha mia mbili bila kukiangusha. Kesho saa moja asubuhi nitampitia kabla ya shule, tunameza vidonge vya siku ya thelathini na nne, naye atanionyesha.

Kipa mstaafu,
Walukuba, Jinja